Pini Mtumba, Nyumba Zuzu

Nyumba nyingi zinazoinuka Zuzu zina wenyewe ambao mchana hawapo Zuzu. Wapo Mtumba, upande wa pili wa jiji la Dodoma, kwenye ofisi za wizara, na nyumba zao wanazitembelea Jumamosi. Zuzu iko magharibi, ilipo reli ya kati na kituo kikubwa cha TANESCO cha kupoza umeme. Mtumba iko mashariki, kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Baina yao limekaa jiji zima.

Sasa mchukue kijana fundi umeme anayeishi hapa Zuzu. Amesoma chuo cha ufundi cha VETA, ana leseni ya umeme ya EWURA, mikono yake ni mizuri, na kazi hana. Kila asubuhi anapita mbele ya nyumba zinazomhitaji na hakuna mtu wa kumpigia hodi. Tofali zipo, mlinzi yupo, mwenye nyumba hayupo. Akimwachia mlinzi namba ya simu, kikaratasi kinaishia kwenye mfuko wa shati.

Dada mmoja mwenye steshenari hapa kwetu amejifunza kuuvuka umbali huo, na ndiye aliyenifanya niandike. Anatoa fotokopi, anachapa barua, anawasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni, na katikati ya shughuli hizo anatengeneza matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram, kile ambacho mtaani tunaita kusponsa. Wateja wake wa matangazo karibu wote ni watu wanaotafuta kazi: mafundi, madereva, wapishi, walimu wa shule binafsi, wapiga rangi. Nimekaa sana kwenye benchi lake nikimtazama, na kila ninavyotazama ndivyo ninavyoona kwamba huu ni ufundi kamili, wenye kipimo chake, adabu yake na uvumilivu wake.

Fundi akifika, kwa kawaida ana wazo moja. "Dada, niwekee Tanzania nzima." Anadhani watu wengi ndio bahati nyingi. Dada hambishii. Anamuuliza, "Fundi, ukipigiwa simu na mtu wa Bukoba kesho, utaenda?" Kijana anatikisa kichwa. "Haya, nani hasa ana kazi unayoiweza, na saa saba mchana anakuwa wapi?" Hapo kijana ananyamaza, anafikiri, na kazi ya kweli inaanza.

Jibu la swali hilo limetengenezwa na historia ya mji huu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, ukaenda mwendo wa kinyonga kwa zaidi ya miaka 40. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali nzima inahamia, na kuanzia hapo viwanja vikaanza kugombewa. Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Aprili 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa. Watumishi wakahamia na familia, na magodoro, na makabati, lakini mafundi wao wamewaacha Dar es Salaam. Mtu ana kiwanja Zuzu au Nala, anaishi Ilazo au Kisasa, anashinda Mtumba, na hamjui fundi hata mmoja wa Dodoma. Atauliza kwa mwenzake wa ofisini, atauliza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na akikosa ataahirisha. Huyo ndiye mtu wa kumtafuta, na hapa Zuzu hapatikani.

Basi dada anafungua ramani kwenye simu. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui na yeye amelibaini kwa kuchunguza. Ukiandika jina la mji, Facebook inakupa duara lisilopungua kilomita 17 kuuzunguka, maana yake umelipia mji wote na vijiji vyake. Ukiacha jina na ukachomeka pini kwenye ramani, unaweza kulikaza duara mpaka kilomita moja. Anaivuta ramani kwa vidole viwili, anaipita Ihumwa taratibu, anafika Mtumba, anaikuza tena mpaka barabara za wizara zinaonekana, ndipo anachomeka. Halafu anapunguza duara. Kilomita tatu zinatosha. Akimaliza anaangalia kwa makini kama mfumo umewasha wenyewe ile nafasi ya kuwatanua walengwa, kwa sababu siku hizi unapenda kukupendekezea umati mkubwa zaidi.

Mtu anaweza kusema watumishi hawaishi Mtumba, wanaishi kwingine. Ni kweli, lakini Facebook inamhesabu anayeishi mahali pamoja na aliyekuwapo hapo karibuni, kwa hiyo anayeshinda ofisini Mtumba na kulala Kisasa anaingia kwenye duara. Na dada haridhiki na mahali peke yake. Anataka na saa. Tangazo lenye bajeti ya kila siku haliwezi kupangiwa saa. Lenye bajeti ya jumla linaweza. Kwa hiyo anachagua bajeti ya jumla na kuliweka liwake mchana wakati wa chakula, kisha jioni, wakati watu wamekaa sebuleni na simu mkononi. Asubuhi anaiacha. Asubuhi mtumishi yuko kwenye basi au kwenye kikao, na nyumba yake haiko akilini.

Shilingi elfu kumi aliyoleta kijana inakwenda mahali palepale tu panapoota kitu, kama maji ya mkulima wa Ugogo anayemwagilia shinani kwa kikopo.

Ufundi huu una babu yake, na babu huyo bado yuko hai. Pita kwenye kijiwe chochote cha vibarua mjini. Mpiga rangi ameweka brashi na kopo mbele yake, fundi bomba ameweka spana, seremala ameegemeza msumeno. Hawapigi kelele. Kifaa kilichowekwa chini kinasema kazi, na kona waliyoichagua inasema wanamngoja nani: anayetoka kununua simenti hupita hapa, anayetoka kununua nyanya hupita kule. Mzee aliyekaa kijiweni miaka mingi anajua kona ipi ina watu wa kujenga na saa ngapi wanapita. Dada wa steshenari anafanya hesabu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kona yake anaweza kuihamisha kutoka Zuzu hadi Mtumba akiwa amekaa kwenye kiti.

Na hata nje ya nchi, wapo waliopata kazi kwa kubana duara mpaka likabaki na watu wachache mno. Mfano unaosimuliwa sana ni wa Alec Brownstein, mwandishi wa matangazo wa New York. Alitaka kufanya kazi chini ya wakurugenzi wa ubunifu fulani, akahesabu majina yao, na hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Akajua kwamba watu hao, kama watu wote wenye majina, hujitafuta Google. Akaona hakuna aliyenunua tangazo kwenye majina yao. Akayanunua, kila bofyo kwa senti 15 za dola, na mkurugenzi akijitafuta anakuta juu kabisa salamu inayomtaja kwa jina na kumwomba amwajiri aliyeiandika. Gharama yote ilikuwa dola 6. Karibu wote walimwita kwenye usaili, wawili wakampa ofa, naye akaenda Young & Rubicam. Ile ilikuwa Google, na mtandao wa kijamii ni kitu kingine. Hata hivyo mkono ni uleule: alianza na mtu anayemtaka, akajiuliza mtu huyo hutazama wapi, akaenda kumngojea hapo.

Facebook ilipozindua mfumo wake wa matangazo Novemba 2007, iliwezekana kuchagua watu kwa kampuni wanayofanyia kazi, na baadaye wahitimu wa Marekani wakaanza kununua matangazo yanayoonekana kwa wafanyakazi wa kampuni wanayoitamani. Hapa kwetu njia hiyo haina nguvu sana. Wengi hawajajaza wanapofanya kazi, na waliojaza wengine wameandika lolote. Ndiyo maana dada ameweka imani yake kwenye ramani na kwenye maneno.

Maneno ndiyo yaliyonivutia kuliko ramani. Fundi wetu alikuja na yake kwenye simu: fundi umeme mwenye uzoefu wa muda mrefu, huduma bora kwa bei nafuu, karibuni wote. Dada aliyasoma kwa sauti, polepole, bila kuyacheka, akauliza: "Nyumba inakuhitaji lini hasa?" Kijana akaeleza. Nyumba ikishaezekwa, kabla ya plasta, ndipo ukuta unachimbwa, mabomba ya nyaya yanalazwa ndani na maboksi ya swichi na soketi yanapachikwa. Ukichelewa, plasta ikapigwa, inabidi ibomolewe, na mwenye nyumba analipa mara mbili. Dada akaandika huku kijana anasema. Mwisho tangazo likasomeka hivi:

"Nyumba yako Zuzu, Nala au Kizota imeezekwa, bado plasta? Mabomba ya umeme yanalazwa sasa, kabla ukuta haujafunikwa. Nina leseni ya EWURA, naishi Zuzu. Nikutumie picha za kazi niliyomaliza?"

Litazame vizuri. Halina sifa hata moja. Kila neno ndani yake linachuja watu. Mwenye nyumba iliyo kwenye msingi anapita, aliyeshapaka rangi anapita, asiye na nyumba anapita. Anayebaki ni mtu ambaye Jumamosi iliyopita alisimama ndani ya kuta zisizo na plasta akajiuliza ni nini kinafuata. Huyo anasimama kwenye sentensi ya kwanza kwa sababu inamhusu yeye na ukuta wake. Na lile "naishi Zuzu" linamwambia jambo ambalo mtumishi wa Mtumba analitaka sana: mtu wa kuiona nyumba siku ambazo yeye haioni.

Kuna sababu nyingine ya kuandika hivyo, ya ndani ya mtambo wenyewe. Nafasi za matangazo kwenye Facebook kwa kawaida huuzwa kwa mnada, na mshindi si lazima awe mwenye fedha nyingi. Mfumo unapima dau, unapima uwezekano wa mtazamaji kufanya kile tangazo linachotaka, na unapima ubora wa tangazo lenyewe. Kijana wa elfu kumi yuko mnada mmoja na benki na kampuni za simu. Akiandika kama wao atamezwa. Akiandika sentensi inayomfanya mtu mmoja kati ya wachache aguse kitufe cha WhatsApp, mfumo unaanza kumpa nafasi kwa bei ndogo. Tena mfumo huo umejengwa ujifunze wenyewe kwa kukusanya matokeo, kama 50 kwa wiki, kabla haujatulia. Kampuni kubwa huyapata kwa siku moja. Fundi wa Zuzu hatayapata kamwe, na hahitaji, maana nyumba mbili zinamtosha mwezi. Kwa hiyo kile ambacho mashine ingejifunza kwa fedha nyingi, dada lazima akijue kichwani kwanza: nani, wapi, saa ngapi, nyumba iko hatua gani. Mwenye fedha anaweza kubahatisha, asiye nazo inabidi ajue, na kujua huko ndiko kunakonifanya niuheshimu sana ufundi huu.

Picha nayo hachukui yoyote ile. Vijana huja na picha walizozichukua mtandaoni, kuta za nyumba za Ulaya. Anazikataa zote. Anamtuma fundi akapige kazi yake mwenyewe asubuhi, saa mbili hivi, jua likiwa bado linaingia kwa mshazari dirishani, na kabla ya kupiga afute vumbi la kuchimba ukuta. Alinionyesha picha aliyoikubali: ukuta wa tofali za saruji, mabomba matatu meupe yameshuka wima kutoka darini hadi kwenye maboksi, yamenyooka, umbali kati yao ni sawa, na chini sakafu imefagiliwa. Akaikuza kwa vidole mpaka kwenye kona bomba linapopinda. "Hapa," akasema, "anayejua kujenga ataangalia hapa." Bomba lilikuwa limepinda kwa mviringo mpole, halikuvunjwa. Nyaya zitapita bila kukwama. Mtu asiyejua umeme hataona kitu, lakini atahisi unadhifu. Anayejua ataona fundi.

Anatengeneza matangazo mawili, picha ileile, maneno tofauti kidogo, na kila moja analilipia nusu ya fedha. Halafu anangoja siku mbili. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu kijana hupita kila baada ya saa kuuliza wangapi wamependa. Dada hajali waliopenda. Anaandika kwenye daftari la mistari meseji zilizoingia, simu zilizopigwa, na ni wangapi waliotaja nyumba iliyopo kweli. Tangazo lililoleta maswali analiacha, lililoleta mioyo tu analizima. Nimeona akizima tangazo lililopendwa na watu wengi bila kusita, na nikaelewa kwamba macho yake yako kwenye jambo moja tu, kijana kuitwa kazini.

Meseji ikiingia, ufundi unahamia kwa fundi, na dada anamfundisha hilo pia. Bando lisiishe. Simu ikae mfukoni hata akiwa juu ya ngazi. Ajibu ndani ya dakika chache, kwa sababu mtumishi aliyeuliza saa saba na nusu, saa nane anarudi kwenye mafaili. Asianze na bei. Aulize nyumba iko wapi, ina vyumba vingapi, imefika wapi, halafu aseme siku atakayokwenda kupima. "Shikamoo mama" kwa anayestahili, na jina lake kamili mwanzoni, kwa kuwa watu wametapeliwa sana na kazi za mtandaoni na wana haki ya kuogopa. Namba ya leseni anaitoa kabla hajaombwa. Na akipata nyumba, siku hiyohiyo tangazo linazimwa. Fedha iliyobaki inangoja. Dada anasema haina maana kumwita mtu kwa fundi ambaye hana nafasi, na mteja aliyeambiwa "subiri mwezi ujao" haji tena.

Kwa wanawake anabadilisha mambo mawili matatu. Dada wa kupika au wa kufua akiweka namba yake kwenye tangazo, zitaingia meseji ambazo hazihusu kupika wala kufua. Kwa hiyo namba ya steshenari ndiyo inayotumika, yeye anasoma kwanza, anauliza ni nani na ni wapi, na anayepita hapo ndiye anayeunganishwa. Uso wa mtafuta kazi hauwekwi. Kinawekwa chakula, au jiko lililosafishwa. Hatozi zaidi kwa kazi hiyo.

Uwezo wa kuchagua nani aone una upande wake mbaya, na ni vizuri kuusema. Desemba 2017 gazeti la New York Times na shirika la ProPublica waliripoti kwamba waajiri wakubwa wa Marekani walikuwa wanaweka nafasi za kazi Facebook huku wakizificha kwa watu wenye umri mkubwa. Machi 2019 Facebook ilikubali, baada ya kushitakiwa na mashirika ya haki, kuondoa uchaguzi wa umri na jinsia kwenye matangazo ya ajira nchini humo. Chombo ni hikihiki. Dada anaachia umri wazi na jinsia wazi kila mara. Wenye viwanja ni wa kila aina, anasema, na wajane wanajenga.

Anajua pia pale ambapo chombo chake hakifai, na hilo kwangu ni dalili ya fundi aliyekomaa. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma alikuja akitaka tangazo la kumpata mkurugenzi wa wizara ili amwajiri. Dada alimweleza kwa upole kwamba kazi ya serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira, maombi yanaingia kwenye Ajira Portal, na hakuna tangazo litakalomvusha hapo. Akamsaidia kupakia vyeti vyake. Kisha akamuuliza kama angependa kujaribu pia shule binafsi na zahanati, ambako mwenye shule ndiye anayeamua na simu yake iko mkononi. Wakaanza kuhesabu shule, moja moja, kwenye ramani.

Juzi nilimkuta na mzee mmoja anayejua kupogoa mizabibu. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno huanza na mkasi. Ukipogoa vibaya unakata macho yenye matunda. Wapo watu wa mjini walionunua mashamba ya zabibu wakiwa hawajawahi kushika mkasi, na mzee anataka wamjue. Dada ameshaandika maneno, yanaanza na swali kuhusu macho mangapi yaachwe kwenye tawi. Picha ipo: kidole cha mzee kimeelekea kwenye jicho la tawi, karibu sana, mpaka magamba yanaonekana. Mzee alitaka tangazo liwashwe siku hiyohiyo.

"Babu, zabibu bado ziko mtini," dada akamwambia. "Wakishavuna ndipo watakaposhika kichwa wakiuliza nani wa kupogoa. Fedha yako ikae."

Mzee akafikiri, akakubali, akarudisha noti mfukoni. Pini ziko kwenye rasimu: moja Mpunguzi, moja Hombolo kwenye mashamba, na tatu mjini, pale wanapokaa wenye mashamba.